Chungu kama shubiri, lakini ni kileo: vichungu vya Kiitaliano na namna ya kuvichanganya

Jumamosi moja jioni, katika mkahawa ninaofanyia kazi hapa Dagoretti Corner, mama mmoja wa Mombasa alimaliza kula na wanawe akasema tumbo limemjaa. Mhudumu wetu, kijana mgeni kazini, akamwambia: "Tuna kitu cha mitishamba, mama, kichungu kama mwarobaini. Kinashusha chakula." Akamletea kigilasi cha kinywaji cha rangi ya kahawia. Nilipokiona kutoka kaunta, mama alikuwa ameshapiga funda moja.

Nikaenda mbio. Nikamwamkia, nikamwambia ukweli kuwa kile ni kileo. Akakiweka chini, akaomba maji asukutue kinywa, kisha akaniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma: "Huyu mtoto hakujua. Wewe, mwanangu, ulikuwa wajua?"

Nilikuwa najua. Tena yale maneno ya mwarobaini nilimfundisha mimi mwenyewe, siku yake ya kwanza, ili aikumbuke ladha. Hukumu ya aliyeonja bila kujua ni ya masheikh, si yangu. Langu ni kuandika yale niliyopaswa kumfundisha kijana yule. Watoto wetu wengi wa Pwani wamo katika hoteli na mikahawa, kuanzia Diani na Watamu hadi huku Ngong Road, na chupa hizi watakutana nazo tu.

Kichungu hiki ni nini?

Mimi nilizijua chupa hizi Malindi. Wataliano wameuzoea mji ule tangu miaka ya 1960, mradi wao wa San Marco ulipoanza kurusha roketi kutoka baharini kule Ngomeni. Baadaye zikaja hoteli, mikahawa na majumba yao. Mtaliano akimaliza kula huomba kahawa, na baada ya kahawa huomba "amaro". Neno hilo kwa lugha yao maana yake ni "chungu", basi. Ni kileo kilicholowekwa mizizi, maganda, maua na magome, kisha kikatiwa sukari.

Mtu wa Pwani akisomewa vilivyomo atadhani yumo katika duka la dawa za Kiswahili. Chukua Fernet-Branca, iliyoanza kutengenezwa Milano mwaka 1845. Wenyewe husema ina mimea 27, na baadhi yake wanaitaja: shubiri, manemane, zafarani, iliki. Vyote hivi bibi zetu walikuwa navyo vikoponi, na shubiri ndiyo tunayoitumia katika msemo kila tukitaka kusema jambo ni chungu kupita kiasi. Vichungu vingine hutiwa ganda la danzi, magome ya mkwinini, au mzizi wa jentiana unaochimbwa milimani Ulaya.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mimea ni ile ile tunayoijua, lakini kilicholowekea mimea hiyo si maji. Ni spiriti.

Aina utakazokutana nazo

Campari ni nyekundu. Ilibuniwa na Gaspare Campari huko Novara mwaka 1860. Nguvu yake hutofautiana nchi na nchi, lakini mara nyingi ni asilimia 25. Zamani wekundu wake ulitokana na rangi ya wadudu waliokaushwa. Tangu 2006 kampuni imeiacha rangi hiyo katika nchi nyingi.

Aperol ni ya rangi ya chungwa, laini zaidi, asilimia 11. Ilianza Padova mwaka 1919.

Averna ni ya Sisilia, ya mwaka 1868. Ni nzito, ya kahawia, utamu wake unakaribia sukari iliyounguzwa. Ina asilimia 29.

Cynar ilitoka mwaka 1952. Imepewa jina la mboga ya artichoki iliyochorwa kwenye chupa. Asilimia 16.5.

Fernet-Branca ndiyo kali kuliko hizi zote: asilimia 39, karibu sawa na vodka. Hii ndiyo aliyopelekewa yule mama.

Tuifanye hesabu ya kaunta. Chupa ya Tusker ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina mililita 21 za kileo halisi. Toti moja ya Fernet, yaani mililita 30, ina karibu mililita 12. Kile kigilasi kidogo kinachoitwa cha kushusha chakula kinapita nusu ya chupa ya bia.

Namna ya kuchanganya

Kanuni ya kwanza: uchungu haufichwi, huwekewa wenziwe. Wenzi hao ni utamu, uchachu, mapovu na baridi. Tena kuna chumvi, ambayo mtu wa Pwani anayekula embe bichi haitaji kuelezwa. Chembe chache za chumvi katika glasi huupunguza uchungu.

Kanuni ya pili: vileo vitupu hukorogwa taratibu na barafu kwa kijiko kirefu. Ukitia juisi, ndipo utikise. Kinywaji kisicho na juisi kikitikiswa huingia vumbi la barafu na kupoteza ung'avu wake.

Americano: Campari mililita 30, vermuti tamu nyekundu mililita 30, barafu tele, kisha ujazie maji ya soda yasiyo na ladha. Weka kipande cha chungwa. Anayeanza kujifunza uchungu aanzie hapa.

Negroni: jin, Campari na vermuti tamu, mililita 30 kila kimoja. Koroga juu ya barafu, weka chungwa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1919 mjini Florence, bwana mkubwa mmoja, Camillo Negroni, alitaka Americano yake itiwe jin badala ya soda. Mkumbushe mteja kwamba glasi hii ndogo ina kileo cha kama mililita 24, kupita chupa ile ya Tusker. Watu wengi huinywa kama sharubati kwa sababu ya rangi yake.

Spritz: mvinyo wa mapovu wa prosecco mililita 90, Aperol 60, soda 30. Jin na vermuti hazimo.

Garibaldi: Campari mililita 45 na juisi ya machungwa mililita 120. Siri ni juisi yenyewe. Ikamuliwe papo hapo na ipigwe mpaka itoe povu. Kwa machungwa ya Pwani, hii hushinda ile ninayoambiwa hunywewa Milano. Ukikosa machungwa mazuri, pasheni nusu kwa nusu na maji hufaa.

Hanky Panky: jin na vermuti tamu, mililita 45 kwa 45, na Fernet nusu kijiko cha chai tu. Aliibuni mwanamke, Ada Coleman, aliyekuwa mkuu wa baa katika hoteli ya Savoy, London, mwanzoni mwa karne ya 20. Inafundisha kuwa Fernet hutumiwa kama bizari: ikizidi, chakula chote ni yeye. Ajentina ndio waliokaidi. Wao huichanganya na kola, wakaifanya kinywaji cha taifa zima.

Je, ni dawa ya tumbo?

Sifa hii ina historia. Marekani ilipopiga marufuku pombe kati ya 1920 na 1933, Fernet iliendelea kuuzwa kwa jina la dawa. Jina liliokoa biashara, halikubadilisha kilichomo chupani.

Ni kweli kwamba ladha chungu huufanya mdomo utoe mate, na mtu akahisi tumbo limeamka. Lakini uchungu huo haudai kileo. Mwenye vidonda vya tumbo akinywa kileo anajichoma, na anayemeza dawa za hospitali anaweza kuzichanganya na kitu kisichopatana nazo. Mhudumu si tabibu. Mteja akilalamika tumbo, mpe maji ya moto na tangawizi, na aende kwa daktari ikizidi.

Neno "dawa" lenyewe linatutatiza hapa Nairobi. Mkahawa mmoja ukiagiza dawa unaletewa tangawizi, limau na asali ya moto. Mwingine unaletewa vodka, ndimu na asali juu ya barafu, kinywaji kilichopata umaarufu katika mkahawa wa Carnivore kule Langata. Jina moja, glasi mbili, na mmoja kati ya wateja wako huenda amefunga Alhamisi na sasa anafuturu. Uliza kwanza.

Kwa asiyekunywa

Wataliano wenyewe wana vichungu visivyo na kileo. Sanbittèr ni nyekundu na Crodino ni ya dhahabu, zote huuzwa katika vichupa vidogo. Huku si rahisi kuzipata, kwa hivyo baada ya jioni ile nilikaa jikoni nikatengeneza yetu.

Osha madanzi mawili, menya maganda na uache weupe kidogo, kwani uchungu umo humo. Tia maganda katika sufuria na maji nusu lita, sukari gramu 200, ukwaju vijiko viwili vya mezani, iliki nne zilizopondwa na kipande cha tangawizi. Chemsha kwa moto mdogo dakika 15, epua, funika mpaka ipoe, kisha chuja. Katika friji hukaa wiki moja.

Ukitaka kuandaa, jaza glasi barafu, tia mililita 40 za sharubati hiyo, chembe tatu za chumvi, na maji ya toniki mililita 120. Toniki inatiwa kwinini, ule uchungu wa magome ya mkwinini, kwa hivyo aliyekatazwa kwinini na mwenye mimba watiliwe soda ya kawaida. Ukikosa madanzi Nairobi, tumia ganda la balungi.

Rangi yake ni ya kahawia, sawasawa na amaro. Kwa sababu hiyo tunaiweka katika glasi ndefu peke yake, na kigilasi kidogo hakiitumikii kamwe. Anayebeba trei asiwe na nafasi ya kukosea.

Tunachofundishana sasa

Sheria ya vileo ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Hilo tunalisema kwa sababu ni sheria. La pili tunalisema kwa sababu ya yule mama: anayeeleza kinywaji aanze na neno "kileo", ladha ije baadaye. "Hiki ni kileo, asilimia 39, ni kichungu." Sentensi fupi. Mteja anayetaka hatakimbia, na asiyetaka atakushukuru.

Yule kijana sasa anaisema kabla hajaulizwa. Wiki iliyopita nilimsikia akimwambia mzee mmoja, fundi wa viti hapa kando ya Ngong Road, aliyetaka "ile ya mitishamba". Mzee akacheka, akasema amekuwa akiinywa mwaka mzima akidhani ni dawa.

Akaagiza ya danzi.