Mtumba Ulikuwepo Kabla ya Mtumba: Historia ya Nguo Chuga na Watu Ambao Hakuna Anayewajua Majina

Kila mwisho wa mwaka picha ni zilezile mitandaoni. Mtu kamwaga nguo zote kitandani, kapanga mafungu matatu: za kubaki, za kugawa, za kutupa. Chini kaandika maneno mawili matatu ya kujipongeza, na watu wanapiga makofi. Ukiangalia haraka unaweza kudhani ni mtindo umeshuka na ndege juzi.

Kumbe Arusha hii hii, kuanzia Kilombero mpaka huko chini Nduruma, kuna watu waliokuwa wanaipa nguo maisha ya pili na ya tatu wakati nyumba nyingi hazina hata kabati. Hawana sanamu wala barabara yenye majina yao. Ni wapagazi, mafundi cherehani, akina mama wa gulio, na machalii wanaotandaza turubai chini na kupiga kelele mpaka sauti inakauka. Historia hii ni yao. Na mwisho wake una jambo ambalo kila mwenye fungu la "za kutupa" anatakiwa alijue.

MTUMBA WA KWANZA ULIBEBWA BEGANI

Tuanze na neno lenyewe. Wengi wanajua mtumba ni nguo iliyovaliwa na mzungu. Lakini zamani mtumba ulikuwa ni mzigo tu wa nguo uliofungwa ukakazwa, saizi ya kubebwa na mpagazi mmoja. Na nguo ndani yake ilikuwa mpya kabisa.

Karne ya 19 meli za Wamarekani kutoka mji wa Salem zilikuwa zinashusha Zanzibar kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani alikuwa tayari amekaa Zanzibar. Kitambaa kile watu wakakiita merikani. Hata vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi, jina halikufa.

Merikani ilikuwa nguo na ilikuwa pesa. Misafara iliyotoka pwani ililipa chakula, njia na pembe kwa vipande vya kitambaa. Kipimo kilikuwa mkono, yani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne iliitwa shuka, mikono minane iliitwa doti. Ndiyo, shuka unayoiona leo begani kwa Mmasai ilianza kama kipimo cha biashara, na doti unayoinunulia mama Sikukuu vilevile.

Huku Meru watu walikuwa wanavaa ngozi. Kitambaa kilipofika hakikuvaliwa kama kilivyotoka kiwandani. Wamasai na Waarusha walikipaka udongo mwekundu na mafuta, wakakifunga begani kwa staili yao. Aliyefanya hivyo wa kwanza hakuna anayemjua. Lakini alichofanya ndicho vijana wa leo wanachofanya na jaketi la mtumba: kuchukua kitu cha mbali na kukifanya kiwe cha hapa.

FUNDI NA BIBI WALIVYOKATAA NGUO IFE

Wajerumani walijenga boma lao Arusha mwaka 1900 hivi, jengo ambalo leo ni makumbusho. Mji ukakua kulizunguka, na kwenye baraza za maduka akakaa fundi na cherehani yake ya kukanyaga.

Kazi ya fundi yule haikuwa kushona nguo mpya tu. Kola ya shati ikichakaa, aliifumua, akaigeuza upande wa ndani ukawa nje, akaishona tena. Suruali ya baba ilipunguzwa ikawa ya mtoto. Goti likitoboka likapata kiraka, kiraka kikitoboka kikapata kiraka chenzake. Kabuti la jeshi alilorudi nalo mtu kutoka vitani lilivaliwa shambani asubuhi za baridi mpaka likaisha.

Nyumbani kulikuwa na bibi. Ukitaka kujua maana ya kutumia nguo mpaka mwisho, fuatilia safari ya kanga moja. Ikiwa mpya ni ya kutokea. Ikipauka kidogo ni ya ndani. Ikilainika inakuwa mbeleko au nepi za mtoto. Ikichanika inakunjwa ikawa kata ya kubebea ndoo ya maji kichwani. Ikiisha kabisa ni dekio. Hapo ndo bibi anaiaga, baada ya miaka.

Hata tairi la gari halikuachwa. Lilikatwa likawa katambuga, viatu ambavyo mpaka leo vinatembea porini kuliko raba za bei mbaya.

SERIKALI ILIPOINGIA KABATINI

Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, na nchi nzima ikaanza kuzungumza juu ya kujitegemea. Mwaka huo huo na uliofuata, mkoa wa Arusha uliendesha operesheni ya kuwavalisha Wamasai nguo zilizoitwa za kisasa. Aliyefunga rubega na kupaka udongo mwekundu alianza kuonekana ni aibu ya taifa, na kwenye mabasi akakataliwa.

Fikiria mzee anatoka bondeni na mbuzi wake kwenda mnadani, halafu anaambiwa hawezi kupanda basi mpaka avae suruali. Suruali ataitoa wapi? Ataazima. Na wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Akina dada wa mjini nao hawakupona. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua vipigwe marufuku Dar es Salaam kuanzia Januari 1, 1969. Kabla hata siku haijafika, makundi ya vijana wa kiume yalikuwa yanawavamia wanawake Kariakoo. Majina ya waliochaniwa nguo mchana kweupe hayajaandikwa popote.

Leo shuka lile lile ndilo linalopamba matangazo ya utalii, na mwenye suruali ndiye anayelipa kupiga picha na mwenye rubega. Mambo yamegeuka, ila hakuna aliyerudi kumuomba radhi yule mzee wa basi.

MIAKA YA KUPANGA FOLENI

Miaka ya 60 na 70 serikali iliwekeza kwenye viwanda kweli. Urafiki ilijengwa Dar kwa msaada wa China. Arusha ilikuwa na Kiltex, na Sunflag nayo ilikuwepo tangu 1965. Pamba ya Kanda ya Ziwa ilikuwa inakuwa kitenge na khanga hapa hapa nchini. Vijana walivaa bugaluu na pekosi, chini raizoni, na mambo yalikuwa safi tu.

Halafu mambo yakafululiza. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Namanga ukafungwa. Bei ya mafuta ikapanda. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni. Viwanda vikakosa vipuri, dawa za rangi, umeme na maji. Mwanzoni mwa miaka ya 80 dukani hakukuwa na sabuni, seti ya shuka wala kipande cha khaki. Kitenge kikija kinagawiwa kwa foleni, na anayejuana na mgawaji ndiye anayepata viwili.

Waliotaka zaidi walitegemea magendo. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, mtoto wa Monduli. Watu wakaanza kuficha bidhaa, wengine wakazitupa kabisa kwa hofu. Novemba mwaka huo mpaka wa Kenya ukafunguliwa tena.

Kipindi hicho fundi wa baraza ndiye alikuwa mtu muhimu mtaani. Shati moja lilivishwa watoto watatu kwa zamu ya umri. Hakuna aliyeita hivyo kutunza mazingira. Ilikuwa ni shida, na watu waliipita kwa akili na sindano.

KAFA ULAYA

Bajeti ya Juni 1984 ilifungua mlango: mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana kazitoa wapi. Mwaka uliofuata Mzee Ali Hassan Mwinyi akaingia Ikulu, na kila kitu kikawa ruksa. Mitumba ikamiminika.

Watu wakaipa jina la utani, kafa Ulaya. Waliwaza hivi: nguo nzima hivi, mwenyewe si atakuwa amekufa? Haikuwaingia akilini kwamba mtu mzima mwenye akili zake anaweza kugawa koti zuri kisa amelichoka. Kumbe jirani zetu waliwaza vilevile. Ghana waliziita nguo za mzungu aliyekufa. Zambia wakaziita salaula, yani kuchambua kwenye rundo.

Ukweli ni kwamba mwenye nguo alikuwa hai, kabati lake tu ndo limejaa. Anazipeleka kwenye shirika la misaada, sehemu tu inauzwa kule, nyingine inauzwa kwa kilo kwa wachambuaji, inafungwa marobota, inapanda meli. Kilichotolewa bure kinafika bandarini kikiwa bidhaa.

Hapo anaingia mama wa mtumba. Ananunua robota la kilo 45 bila kuona ndani. Anajua ni mashati au magauni ya watoto, basi. Akikata kamba akakuta mali safi, ada ya shule imepatikana. Akikuta madoa na zipu zilizokufa, mkopo wa kikundi unabaki palepale. Kila robota ni kamari, na yeye anaicheza kila wiki.

Kutoka pale nguo inashuka ngazi. Za kwanza zinachukuliwa na wenye maduka wanaozifua, kuzipiga pasi na kuzitundika kwenye henga. Zinazofuata zinabaki sokoni. Zilizokataliwa zinakwenda gulioni Tengeru Jumatano na Jumamosi, au Ngaramtoni. Za mwisho zinabebwa mkononi vijijini, nyumba kwa nyumba, mpaka Nduruma, kwa wakulima wa mifereji na wafanyakazi wa mashamba ya maua. Pale bei ni jero, buku, ukibembeleza unaongezewa.

NANI ALIUA VIWANDA?

Hapa ndo mabishano huwa makali. Wengine wanasema mtumba uliua viwanda vya nguo. Ni kweli kwamba miaka ya 90 viwanda vingi vya umma vilifungwa au vikauzwa, Kiltex ikiwemo, na maelfu wakabaki bila kazi. Shati la buku halishindani na jipya.

Lakini ukisoma miaka vizuri, viwanda vilikuwa vinaumwa kabla robota la kwanza halijafunguliwa. Mashine zilisimama kwa kukosa vipuri, sio kwa kukosa wateja. Watu walikuwa kwenye foleni wanatafuta nguo! Mtumba ulimkuta mgonjwa kitandani, ukamnyang'anya na shuka. Na wengi waliotoka viwandani waliishia kuuza mtumba huo huo.

Mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki walikutana hapa hapa Arusha wakaamua mitumba iondolewe ifikapo 2019 ili viwanda vya ndani vipumue. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika, na serikali yao ikatishia kuondoa nafasi ya kuuza kule bila ushuru kupitia AGOA. Kenya ikarudi nyuma mwaka 2017. Tanzania na Uganda zikafuata 2018. Rwanda peke yake ikakaza, baada ya kupandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa AGOA.

Angalia nani alikuwa mezani: marais, wanasheria, wafanyabiashara wa Marekani. Mama wa Kilombero hakuwepo. Fundi aliyefungiwa kiwanda hakuwepo. Ilijadiliwa riziki yao na wao wako sokoni wanapanga nguo.

SASA TURUDI KITANDANI KWAKO

Nguo za bibi ziliweza kufa vizuri kwa sababu zilikuwa pamba. Dekio likiisha, udongo unalila. Nguo nyingi za leo zimechanganywa poliesta, ambayo ni plastiki inayotokana na mafuta ya petroli. Ukiitupa haiozi, na ukiichoma inatoa moshi wa plastiki.

Na maji ya huku yote yanashuka. Mto Nduruma unatoka Mlima Meru, unapita mashambani, unagawanywa kwenye mifereji mpaka bondeni. Kinachotupwa juu kinakwenda chini, kama nguo zenyewe zinavyoshuka kutoka dukani hadi kijijini. Ukiitupa, umempa mtu wa chini aitupe.

Basi kabla ya kufunga ule mfuko, fanya kama waliotangulia. Iliyo nzima ifue kwanza, ndo umpe mtu. Kugawa uchafu ni dharau. Iliyobana au kupwaya ipeleke kwa fundi wa mtaani, buku mbili tatu zako zinalisha nyumba. Jinzi iliyokufa goti inatoa kaptula, na mguu unaobaki unatoa mfuko wa sokoni. Fulana ya pamba iliyochoka ni dekio zuri kuliko la dukani. Na chupi na soksi za mtu usimgawie mtu. Hata TBS wamepiga marufuku za mtumba kuuzwa.

La mwisho ndilo gumu: usilijaze tena kabati Januari.

Yule mpagazi, fundi, bibi na mama wa robota hawakupiga picha ya mafungu matatu. Kwao lilikuwepo fungu moja tu, la bado inafaa.