Nyumba Iliyojengwa Nusu

Jumamosi moja shangazi yangu alinipigia simu saa moja asubuhi akaniambia nivae viatu vya kutembea. Amebakisha mwaka mmoja na nusu astaafu unesi, na pesa alizoweka kwa Sacco na kwa chama zimefika mahali ambapo, akiongeza mkopo kidogo, anaweza kununua nyumba Umoja 1. Wakala alikuwa na mbili za kutuonyesha, zote kwenye barabara moja.

Ya kwanza ilikuwa imeshaongezwa kila upande. Sebule ilisogezwa mbele ikameza bustani, juu kulikuwa na slabu yenye vyumba viwili, na nyuma vyumba vitatu vya kukodisha, kila kimoja na mlango wa chuma na mita yake ya stima. Ya pili ilikuwa karibu vile ilivyojengwa miaka ya sabini. Mwenyewe, mzee wa watu, alibadilisha mabati na kupanda mwembe, basi. Tofauti ya bei ilikuwa milioni mbili na nusu.

Kwa wiki tatu grupu ya familia kwenye WhatsApp haikulala. Kaka yangu alikuwa upande wa nyumba ya mwembe: nunua kwa bei ya chini, jenga mwenyewe, kila jiwe ulijue lilikotoka. Binamu zangu walikuwa upande wa ile iliyokamilika: wapangaji wako ndani tayari, mwezi wa kwanza unakula kodi. Mimi nilikuwa na kaka yangu. Nilidhani shangazi pia angekuwa.

Swali hili la kununua iliyoongezwa ama kuongeza mwenyewe halikuanza na sisi. Sehemu kubwa ya Eastlands tunayoijua imetokana nalo.

Wakati wa mkoloni, Mwafrika aliyekaa Nairobi alikuwa mpangaji wa kanjo au wa mwajiri wake. Nyumba za Kaloleni, zilizojengwa miaka ya 1940, zilikuwa mali ya kanjo na zimebaki hivyo. Pumwani ilikuwa kando kidogo. Huko watu waliruhusiwa kujijengea juu ya ardhi ambayo si yao, na wengi wakapanga vyumba pande mbili za ukumbi mmoja, wakalala kimoja na kukodisha vingine. Kwa hivyo mchezo wa kuongeza chumba ili chumba kikulipie maisha ni wa zamani kuliko Kenya huru.

Uhuru ulipokuja, watu waliingia jijini kwa wingi na nyumba hazikutosha. Kanjo ilibomoa vibanda, vibanda vikarudi. Kisha likaja wazo jipya kutoka nje: serikali haiwezi kumjengea maskini nyumba nzima, kwa hivyo impe kiwanja, maji na bomba la maji taka, halafu yeye mwenyewe amalizie. John Turner, msanifu Mwingereza aliyekuwa ameona watu wa Peru wakijijengea mitaa yao, alitoa kitabu na mwenzake mwaka 1972 kutetea uhuru wa mtu kujijengea. Mwaka huohuo Benki ya Dunia ikatoa mkopo wa mradi wa namna hii kule Senegal. Mwaka 1975 zamu ikafika kwetu. Dandora ilipangiwa viwanja kama 6,000, vidogo vikiwa vya mita za mraba 100 na vikubwa 160.

Shosho yangu alipata kimoja. Alichokabidhiwa ni choo, bafu, mfereji wa maji na ardhi tupu. Alipewa pia mkopo wa vifaa na muda wa kuhakikisha vyumba vimesimama. Kwenye picha moja tuliyo nayo, amesimama kwenye mlango wa choo akitabasamu, na nyuma yake hakuna kitu, ni nyasi tu.

Umoja 1, iliyojengwa miaka hiyohiyo kwa msaada wa Marekani kupitia USAID, ilikuwa afadhali. Hapo ulinunua nyumba ndogo inayolalika, lakini iliyochorwa kimakusudi ikiwa haijakamilika. Nafasi ya vyumba vingine iliachwa wazi ukijaliwa. Hata Buruburu, mtaa wa watu wa kati, haikuchukua muda kabla ya neno «ekstensheni» kuwa neno la kila siku. Leo ukisikia mtu anakaa Buru kwa ekstensheni, unaelewa ana keja ndogo iliyobanwa kati ya nyumba ya mwenyewe na ukuta wa jirani.

Yaani ile nyumba iliyoongezwa ambayo wakala alitusifia si ujanja wa mtu mmoja. Alifanya alichotarajiwa kufanya, ila hakusimama pale wachoraji walipotarajia. Walidhani familia ikikua, nyumba itakua nayo. Lakini kilichokua haraka zaidi ni kodi. Dandora mpango wenyewe uliruhusu mtu akodishe chumba ili alipe deni, na wengi walikodisha kabla hawajalala vizuri. Baadaye chumba kikawa ghorofa. Ukienda Umoja Innercore leo, utazunguka sana kabla ya kuona nyumba ya chini chini. Magorofa yamesimama mahali palipopangiwa vijumba, na bado kila mtu analaumu maji na sewa.

Nilimweleza shangazi haya yote tukiwa tumesimama ndani ya nyumba ya kwanza. Alikuwa ananisikiza nusu, huku akigonga ukuta kwa pete yake.

«Hapa ndipo nyumba ilipoishia,» akasema.

Nikaangalia. Kweli, rangi ilikuwa moja lakini ukuta ulikuwa na ufa mwembamba uliopanda wima kutoka sakafuni hadi silingi. Upande mmoja ni ukuta wa zamani, upande mwingine mawe ya kukatwa kwa mashine. Fundi hakuwa amezifunga pamoja. Shangazi akaenda jikoni. Dirisha la jikoni lilikuwa bado lipo, na pazia zuri, lakini lilifungukia ndani ya chumba cha mpangaji. Mwanga wote wa jikoni ulikuwa wa balbu, saa nne asubuhi. Akauliza menholi iko wapi. Wakala akacheka kidogo. Akauliza tena. Ilikuwa chini ya kitanda cha mpangaji wa chumba cha pili. Sewa ikiziba, huyo mtu anaamshwa.

Akaomba michoro iliyopitishwa ya vile vyumba vya juu. Wakala akasema mwenyewe ataitafuta.

Hapo nilijua kaka yangu ameshinda. Ukinunua nyumba iliyoongezwa, unanunua pia maamuzi ya mtu ambaye hutawahi kukaa naye meza moja: aliweka vyuma vingapi kwenye slabu, msingi wa nyumba ya chini aliuongezea nguvu ama aliutwika tu mzigo ambao haukuchimbiwa. Rangi haisemi. Ukijenga mwenyewe, unajua. Unatafuta msanifu na injinia, unaomba kibali cha kaunti vile Sheria ya Mipango ya Mwaka 2019 inavyotaka, unaacha dirisha mahali pa dirisha.

Jioni hiyo kaka yangu alikuja kwa shangazi na laptopu. Hesabu yake ilikuwa safi. Mawe, simiti, mchanga, kokoto, vyuma, fundi, vibarua, kibali. Jumla ilikuwa chini ya ile milioni mbili na nusu, na chenji ya kutosha kubaki.

Shangazi aliisoma yote, akateremsha mpaka mwisho, akapandisha tena.

«Mimi niko wapi hapa?» akauliza.

«Wewe ndiye mwenye nyumba, Anti.»

«Hapana. Nani anaamka saa kumi na moja kuhesabu mifuko ya simiti? Nani anakaa site fundi asiende na vyuma? Nani anapika?»

Kaka yangu akasema angesaidia wikendi.

Ndipo akatuambia kitu ambacho sikuwa nimewahi kusikia, na nimekula Krismasi kwa shosho kila mwaka wa maisha yangu. Mwaka 1977 alikuwa na miaka kumi. Chumba cha kwanza kilijengwa na kikundi cha majirani, leo kwako kesho kwangu, na maji ya kuchanganya simiti yalibebwa na watoto. Chumba cha pili kilipoisha, kilikodishwa siku hiyohiyo, nao sita wakaendelea kulala kwenye cha kwanza. Cha tatu pia kikakodishwa. Yeye alipata kulala kwenye chumba chake akiwa amemaliza shule ya upili. Mwaka wa chumba cha nne hakusoma muhula mzima, kwa sababu shosho alikuwa anauza mboga na lazima mtu akae na fundi.

«Mnasema ilikuwa bei rahisi kujijengea,» akasema. «Ilikuwa rahisi kwa sababu sisi hatukuandikwa.»

Nilikuwa nimemhutubia asubuhi nzima kuhusu Benki ya Dunia. Nilikuwa nimemwambia mkopo, viwanja, mita za mraba. Mtoto wa miaka kumi mwenye mtungi wa maji hakuwa kwenye hotuba yangu, kama vile hakuwa kwenye hesabu ya kaka yangu. Na huyo mtoto ndiye aliyejua kuangalia ukuta. Alijua nyumba ilipoishia kwa sababu aliwahi kuwepo nyumba ikiongezwa.

Wiki iliyofuata alirudi Umoja na injinia aliyemlipa mwenyewe, akapanda juu ya slabu naye. Injinia alisema slabu iko sawa, ila ule ufa lazima ushonwe kwa vyuma, na vyumba vya nyuma havina chochote kwenye makaratasi ya kaunti. Shangazi akapeleka ofa kwa nyumba ya kwanza, ile iliyoongezwa, akikata karibu milioni moja kwa sababu ya makaratasi hayo. Mwenyewe amepunguza, lakini hajafika pale anapotaka. Bado wanavutana.

Jana alinipigia tena asubuhi na mapema. Alitaka nimtafutie fundi wa kubomoa. Ameshaongea na wapangaji wawili, wa kile chumba kilichofunika dirisha la jikoni na wa kile kilicholalia menholi. Wamekubali kuhama wakipewa notisi ya miezi miwili na wakirudishiwa dipositi zao.

«Analipisha ngapi kuvunja vyumba viwili?» akauliza. «Na mwambie mawe asiyaharibu.»