Pamba ya Bariadi na Uzi Uliokatika

Tunapoutaja utamaduni wa taifa, aghalabu mawazo yetu hukimbilia ngoma, nyimbo na hadithi. Wasukuma wajulikana nchini kote kwa mashindano ya Bagika na Bagalu, na sifa hiyo wanaistahili. Lakini utamaduni ni pia ujuzi wa mikono, ule ambao mtu humwonyesha mwanawe bila kuuandika popote. Katika insha hii twapenda kuutazama ujuzi mmoja tu, nao ni wa kusokota uzi na kamba nyumbani. Twautazama kutokea Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012 na ulio miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa kilimo cha pamba. Swali letu ni hili: imekuwaje nchi iliyojaa pamba ikawa haijisokotei uzi wake?

Yafaa kwanza tujue kusokota ni nini. Unywele mmoja wa pamba yetu haufiki sentimita 3 kwa urefu, tena ni dhaifu. Pumzi ya mtoto yatosha kuupeperusha. Lakini nywele nyingi zikivutwa pamoja na kupotolewa, hubanana, kila moja ikaishika mwenziwe, na uzi ukatoka mrefu kadiri msokotaji apendavyo. Kwa mkono, kazi huanza kwa kuchambua mbegu. Kisha pamba hutawanywa kwa vidole, au hupigwa kwa uzi wa upinde, mpaka iwe laini kama povu. Ndipo huja kijiti chembamba chenye kizito cha mviringo, ambacho huzungushwa kama pia ya watoto. Mkono mmoja huzungusha, mwingine huvuta pamba taratibu, na uzi uliokwisha kukazika huviringwa kwenye kijiti hicho hicho. Ni kazi ya subira kuu. Mfumi mmoja, anayepitisha mshindio katikati ya nyuzi za mtande, huhitaji wasokotaji kadhaa ili asikae bure.

Kazi hiyo si ngeni katika nchi yetu. Wachimbuzi wa mambo ya kale walipofukua magofu ya Kilwa Kisiwani, walikuta vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Hivyo ndivyo vizito vya vijiti vya kusokotea, navyo vyatuambia kuwa watu wa Kilwa walisokota pamba karne nyingi kabla ya mkoloni. Huko bara, Wafipa walisifika kwa nguo nzito za pamba walizofuma wenyewe. Naye Mwingereza Richard Burton, aliyefika Unyamwezi mwaka 1857, aliikuta kazi ya kufuma ikifanywa huko. Wasukuma, ndugu wa Wanyamwezi, walivaa zaidi ngozi za mifugo yao. Lakini walisokota kamba za magome ya miti, hasa ya mbuyu, kwa kufungia ng'ombe, kujengea na kubebea mizigo.

Basi ujuzi huo ulipungukaje? Mwaka 1833 Sultani Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na meli za kutoka Salem zikazidi kuleta Unguja nguo nyeupe nzito, ambayo watu waliiita merikani. Misafara ikaipeleka bara, na mahali pengi ikawa ndiyo fedha yenyewe. Ni kweli kuwa nguo za wenyeji zilikuwa imara. Lakini nyuma ya kila upande wa merikani ulikuwapo mtambo uliosokota kwa saa moja kazi ambayo mkono ungeifanya kwa siku nyingi. Msokotaji wa bara hakushindwa kwa uvivu wala kwa ujinga. Alishindwa kwa saa.

Ukoloni ulipokuja, mambo yaligeuka tena. Wajerumani hawakutaka tu tununue nguo. Walitaka pia tuwalimie pamba ya viwanda vyao. Kilimo hicho cha shuruti kilikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Usukumani pamba ilienea zaidi wakati wa Waingereza, ikisaidiwa na mbegu bora kutoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru. Mkulima akapata fedha, hilo hatulikani. Lakini pamba ilitoka shambani ikaenda zake, ikamrudia ikiwa nguo yenye bei ya mtu mwingine.

Hata hivyo historia yatupa fundisho moja la ajabu. Katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918, manowari za Waingereza ziliifunga pwani ya nchi hii, na nguo za ng'ambo zikaadimika. Hapo Wajerumani, waliokuwa na viwanda vikubwa kwao, walilazimika kurudia kusokota na kufuma kwa mikono humu humu nchini. Jambo lililodhaniwa kuwa limepitwa na wakati likawa tegemeo. Ujuzi wa mkono ni kama akiba ya ghalani: huonekana hauna kazi mpaka siku ya njaa.

Wakulima wenyewe walijitahidi kuirudisha pamba mikononi mwao. Mwaka 1955 vyama vyao viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, likiongozwa na Paul Bomani, na baadaye ushirika ukamiliki vinu vya kuchambulia pamba. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Uhuru, viwanda vya nguo vilianza kazi, kama vile Mwatex cha Mwanza na Urafiki cha Dar es Salaam. Lakini viwanda vingi vya nguo nchini vilidhoofika au kusimama katika miaka ya 1980 na 1990, na leo sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje ikiwa imetolewa mbegu tu. Wahenga walisema, kamba hukatikia pembamba. Pembamba petu ni hapo hasa, baina ya kinu na mfumi: pahali pa msokotaji.

Je, Bariadi imesahau kabisa kusokota? La. Tazama katani iliyopandwa kuzunguka miji na mipaka ya mashamba. Mmea huo uliletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kwa ajili ya mashamba makubwa, lakini Wasukuma waliufanya wao. Jani hukatwa, huparuliwa nyama yake kwa kisu juu ya gogo, huoshwa na kuanikwa juani. Kisha nyuzi zake husokotwa juu ya paja: mafungu mawili hupotolewa upande mmoja, halafu hupindanishwa pamoja kwa upande wa kinyume, ili kila fungu lizuie jingine lisifumuke. Fundi wa kamba ya ng'ombe, hata kama hajaingia darasani, ameijua kanuni ile ile inayoendesha kiwanda kizima cha nguo.

Hatusemi watu warudi kuvaa nguo za kusokota kwa kijiti. Saa zilizomshinda mzee wa Unyamwezi zitatushinda na sisi. Tunalosema ni kwamba mwanafunzi anayelima pamba kwao, asijue inavyogeuka uzi, ataiona siku zote kuwa ni kitu cha kupimwa kwenye mizani na kuuzwa. Elimu ya Kujitegemea, kama Mwalimu Nyerere alivyoieleza mwaka 1967, ilitaka shule isitengwe na kazi za jamii yake. Mwalimu wa Bariadi hahitaji fedha nyingi kwa somo hili. Kijiti, kigae kilichotobolewa na konzi ya pamba vyatosha kufundishia historia na fizikia kwa siku moja. Na mzee anayesokota katani aweza kuitwa shuleni akae mbele ya darasa. Kijana atakayeukata uzi wake mara kumi kabla ya kuuweza ndiye atakayeuliza, kwa haki, kwa nini kazi hiyo na ujira wake vipelekwe kwa wengine.