Kuoza kwa tangawizi Myamba: mbegu ya GMO ipo?

Tangawizi ni zao la fedha Myamba na kata jirani za milimani, wilayani Same. Inapoanza kuoza, majani huwa ya njano kuanzia kwenye ncha, shina hulegea pale chini na ukilivuta linang'oka kirahisi. Ukifukua, tangawizi yenyewe imekuwa laini na inanuka. Ugonjwa ukishaingia, mvua chache tu zinatosha kuusambaza shamba zima.

Kimojawapo cha visababishi vikuu ni kimelea kinachoitwa Pythium. Mtaani kinahesabiwa kuwa fangasi. Wanasayansi wanakiweka kwenye kundi linalofanana na fangasi, pamoja na kimelea cha bakajani chelewa ya viazi. Na kwenye viazi, uhandisi jeni umeshafika mbali.

Kituo cha Kimataifa cha Viazi (CIP) na watafiti wa NARO ya Uganda walichukua jeni tatu za kinga kutoka viazi mwitu vya Amerika, wakaziweka kwenye Victoria, aina inayolimwa sana Uganda. Ilijaribiwa Kachwekano, Kabale. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha viazi hivyo vilisimama bila kupuliziwa dawa ya bakajani, huku vya kawaida vikiungua. Jeni ziliwekwa tatu kwa sababu kimelea hubadilika: kikiishinda moja, kinakutana na nyingine.

Tangawizi ingefaidika zaidi na njia hii. Inapandwa kwa vipande na kwa kawaida haitoi mbegu, kwa hiyo kuchanganya aina mbili ili kupata ya tatu yenye kinga, kama inavyofanyika kwa mahindi, karibu haiwezekani. Ndugu yake wa mwituni, Zingiber zerumbet, anaistahimili Pythium vizuri, na watafiti wa India wamechunguza jeni zake za kinga. Lakini hadi sasa kazi hiyo imebaki maabara. Hakuna mbegu ya tangawizi ya GMO inayouzwa popote, hivyo anayekuja kijijini na "mbegu ya kisasa isiyooza" anauza maneno.

Hata ingekuwepo, isingepita. Kanuni za usalama wa bayoteknolojia za mwaka 2009 zilikuwa kali mno hadi zilipolegezwa kidogo mwaka 2015 ili utafiti ufanyike. Majaribio ya mahindi ya GMO yakaanza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru yasimamishwe. Uganda nako, Bunge lilipitisha muswada mwaka 2017 na Rais Museveni akaurudisha.

Kwa hiyo kinga ya mkulima wa Myamba bado iko kwenye kipande anachopanda. Ugonjwa husafiri ndani ya mbegu, na tangawizi iliyoanza kuugua inaweza kuonekana nzima kabisa kwa macho. Ndiyo maana swali la kumuuliza muuzaji ni shamba ilikotoka, si bei tu. Shamba lililooza lipumzishwe tangawizi misimu kadhaa, lipandwe mahindi. Maji yasituame, na mfereji unaopita kwenye shamba gonjwa usimwagie la chini. Kwa milima ya Upare, ambako watu wanagawana maji ya ndiva, hilo la mwisho linahitaji makubaliano ya majirani.

Kabla ya kununua dawa, kata kipande cha shina linalonyauka, sehemu ya karibu na ardhi, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi. Kikitoa nyuzi nyeupe kama maziwa ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko wa bakteria, na dawa ya fangasi haitausaidia hata kidogo. Ng'oa mche pamoja na udongo wake, uchome moto mbali na mfereji, na usipande hapo nyanya, pilipili, biringanya wala viazi, maana bakteria hao hushambulia na mazao hayo.