Roketi ndogo: kamba moja njo inairudisha salama

Katika Marekani, tangu miaka ya 1950, vijana na wazee wanatengeneza roketi ndogo za karatasi ngumu zenye kurushwa na moteri ya baruti na kurudi chini kwa parashuti. Orville Carlisle, muuzaji wa viatu katika mji wa Norfolk, jimbo la Nebraska, alitengeneza ya kwanza mwaka 1954, akisaidiana na ndugu yake Robert. Kuirusha si kazi kubwa. Kazi ni kuirudisha, na hapo kamba moja inabeba yote.

Kamba hiyo inafanya nini?

Moteri ikimaliza kusukuma, roketi inaendelea kupanda sekunde chache. Kisha moteri inalipuka kidogo upande wa mbele, na hewa ya moto inatupa inje kichwa cha roketi pamoja na parashuti. Kamba njo inashikanisha kichwa na mwili. Ikikatika, mara nyingi parashuti inaenda na kichwa, na mwili unaanguka bila kizuizi, pengine juu ya watu wenye kutazama.

Kuchagua kamba

Lastiki bapa, sawa ile ya washonaji, inavutika na kupunguza mshtuko. Lakini moto unaiunguza, na inazeeka. Uzi wa Kevlar, uliotokana na kazi ya Stephanie Kwolek katika kampuni DuPont mwaka 1965, unavumilia moto, lakini hauvutiki. Ukivutwa kwa nguvu kwenye mdomo wa bomba, unaipasua sawa kisu. Ndiyo maana wengi wanaunganisha zote mbili: Kevlar chini karibu na moto, lastiki juu, na fundo linabaki ndani ya bomba.

Kosa la kawaida ni kamba fupi. Kichwa kinafika mwisho kingali na mwendo, lastiki inakirudisha, kinagonga bomba. Wajuzi wanaweka angalau mara mbili ao tatu ya urefu wa roketi. Kwa roketi ya sentimita 40, ni sentimita 80 mpaka 120.

Kuifunga

Njia ya zamani: ncha ya kamba inapakwa kole juu ya kikaratasi, kinakunjwa, kisha kinabandikwa ndani ya bomba, chini ya fasi shingo ya kichwa inaingia. Njia ingine ni kufunga Kevlar kwenye kishikio cha moteri mbele ya kukibandika. Inashika zaidi, lakini kuibadilisha ni vigumu.

Mbele ya kila kurusha

Kamba inavutwa kwa mkono na kuangaliwa. Karatasi isiyoshika moto inawekwa kati ya moteri na parashuti. Sekunde za kungoja zinachaguliwa vizuri pia: kwenye moteri B6-4, ile 4 njo sekunde zenyewe. Mlipuko ukikuja roketi ingali mbio, hata kamba nzuri inaweza kukatika. Lastiki yenye imeungua ao kuanza kupasuka inapashwa kubadilishwa siku ileile.