Suleiman Dori: Mbunge wa Msambweni aliyegongana na chama chake

Suleiman Dori Ramadhani alikuwa Mbunge wa Msambweni, Kaunti ya Kwale, tangu mwaka 2013 hadi alipofariki Machi 9, 2020, akiwa katika kipindi chake cha pili. Alichaguliwa mara zote mbili kwa tiketi ya chama cha Orange Democratic Movement (ODM), akawa mwenyekiti wa Kundi la Wabunge wa Pwani, kisha akajikuta matatani na chama hicho hicho kwa kumuunga mkono William Ruto, aliyekuwa Naibu Rais wakati huo. Kiti alichokiacha kilizua mojawapo ya chaguzi ndogo zilizofuatiliwa sana nchini kabla ya uchaguzi mkuu wa 2022.

Eneobunge lake

Msambweni inaanzia Ukunda na Diani, inapita Galu na Kinondo, na kuteremka kusini hadi Gazi, mji wa Msambweni wenyewe na Ramisi. Ina wadi nne: Gombato Bongwe, Ukunda, Kinondo na Ramisi. Kabla ya uchaguzi wa 2013 ilifika hadi mpaka wa Tanzania, ndipo sehemu ya kusini ikatengwa kuwa eneobunge la Lunga Lunga. Wenyeji wake wengi ni Wadigo, mojawapo ya jamii tisa za Wamijikenda. Kaya Kinondo, msitu wao mtakatifu ulio karibu na Galu, ni miongoni mwa makaya yaliyotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2008.

Wapigakura wa huko hawana desturi ya kumbembeleza mbunge. Mwaka 1997 walimchagua Marere wa Mwachai wa KANU, mwanamke wa kwanza kutoka Pwani kuingia Bungeni kwa kupigiwa kura. Mwaka 2002 walimpa Abdallah Ngozi nafasi hiyo, na 2007 wakampa Omar Zonga. Hakuna hata mmoja kati ya watatu hao aliyerejeshwa katika uchaguzi uliofuata. Dori alivunja mwiko huo mwaka 2017. Alishinda akiwa ODM ilhali Gavana Salim Mvurya, aliyekuwa amehamia Jubilee, naye alirejeshwa na wapigakura wa kaunti hiyo hiyo.

Ardhi na madini

Suala ambalo hakuna mbunge wa Msambweni awezaye kulikwepa ni ardhi. Huko Galu, viwanja vya ufuoni vimejengwa hoteli na nyumba za kifahari, huku vijiji vya ndani vikiwa na familia ambazo zimelima na kuzika wazee wao hapo bila hatimiliki. Chanzo chake ni cha kale. Sheria ya usajili wa ardhi ya mwaka 1908, iliyotumika katika ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ilitambua madai ya mtu binafsi. Wamijikenda waliomiliki ardhi kwa pamoja waliachwa nje, na wengi wakaja kuitwa maskwota katika ardhi ya mababu zao.

Hata hivyo, mbunge hana mamlaka ya kutoa hatimiliki. Kazi hiyo ni ya Wizara ya Ardhi, na malalamishi ya dhuluma za kihistoria hupelekwa kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Mbunge hutunga sheria, huihoji serikali na hufuatilia matumizi ya hazina ya maendeleo ya eneobunge, inayotegemewa sana kwa basari na madarasa. Kwa hivyo mbunge wa upinzani huvutwa pande mbili: chama kinamtaka aipinge serikali, na wakazi wanamtaka aifikie.

Mvutano huo ulijitokeza pia katika madini. Kampuni ya Base Titanium ilianza kusafirisha madini ya Kwale ng'ambo mwaka 2014, na ikakomesha uchimbaji Desemba 2024. Sheria ya Madini ya 2016, iliyopitishwa Dori akiwa Bungeni, iligawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya eneo la uchimbaji. Kwa miaka mingi wakazi walilalamika kwamba fungu lao halikuwafikia.

Kugongana na ODM

Baada ya uchaguzi wa marudio wa urais wa Oktoba 26, 2017, magavana Hassan Joho wa Mombasa na Amason Kingi wa Kilifi walitangaza kampeni ya kutaka Pwani ijitenge na Kenya. Dori alikuwa miongoni mwa wabunge waliounga mkono mjadala huo.

Upepo ulibadilika baada ya Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga kupeana mkono Machi 9, 2018. Viongozi wa ODM walikaribia Ikulu, lakini Dori na Mbunge wa Malindi, Aisha Jumwa, wakasimama na Ruto. Chama kiliwafungulia mashtaka ya kinidhamu. Mapema mwaka 2019 Jumwa alifukuzwa chamani, naye Dori, aliyekuwa ameomba radhi, akasamehewa. Alifariki mwaka uliofuata baada ya kuugua.

Uchaguzi mdogo

Uchaguzi wa kujaza nafasi yake ulicheleweshwa na janga la corona hadi Desemba 15, 2020. ODM ilimsimamisha Omar Boga, na Jubilee haikuwa na mgombea, kwa ajili ya maridhiano. Ruto alimuunga mkono Feisal Bader, mgombea huru aliyekuwa msaidizi wa marehemu. Bader alipata kura 15,251 dhidi ya 10,444 za Boga, ijapokuwa vigogo wa ODM, akiwemo Raila mwenyewe, walikuwa wamefika kumpigia debe mgombea wao.

Mwaka 2022 Bader alirejeshwa Bungeni, safari hii kwa tiketi ya UDA, chama cha Ruto. Hivyo Msambweni, iliyokuwa ngome ya ODM chini ya Dori, ikahamia upande ambao yeye aliadhibiwa kwa kuuelekea. Chama kilibadilika, lakini madai ya hatimiliki ambayo kila mgombea huulizwa Galu na Kinondo yamebaki yale yale.