Kwa nini mpunga unatoa mapepe: joto na chavua

Mpunga unaweza kustawi shamba zima na bado ukatoa mapepe. Wakulima wa bonde la Ruvuma wanalijua hilo, na mara nyingi lawama huenda kwa mbegu au wadudu. Tuitazame na chavua, ile poda ya ua inayotungisha punje.

Chavua huumbwa mpunga ukiwa kwenye mimba, kabla suke halijatokeza. Baridi kali wakati huo huiharibu. Joto hupiga zaidi ua linapofunguka: likipita nyuzi 35, hata kwa saa moja hivi, chavua haimwagiki vizuri na punje haitungi. Ua lenyewe hufunguka muda mfupi tu, kwa hiyo aina zinazochanua asubuhi na mapema hukwepa joto.

Maabara, ajabu, hutumia shida hiyohiyo. Japani mwaka 1968 walipata miche ya mpunga kutoka kwenye chavua changa iliyokuzwa kwenye chupa. Baadaye ilionekana kwamba masuke yakiwekwa kwanza kwenye baridi ya nyuzi 10 hivi kwa siku kadhaa, chembe nyingi zaidi huacha njia ya chavua na kuwa mche. Mtafiti hupata hivyo mbegu isiyobadilikabadilika bila kusubiri misimu mingi.

Shambani, kama maji yapo, yasikauke mpunga unapochanua, hupoza masuke.